Sahihi Yako ni Ushahidi



Nilipokuwa daktari kijana katika zahanati moja ya Nateete, alikuja mgonjwa ambaye sijamsahau mpaka leo. Siri ya mgonjwa ni amana, kwa hiyo mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Hakuwa na homa wala jeraha. Alikuwa na fomu mkononi.

"Musawo, nahitaji sahihi tu," alisema.

Alikuwa mlinzi nchini Iraki, amekuja likizo na anataka kurudi. Wengi wenu mlikuwa wadogo wakati huo. Kuanzia mwaka 2005 hivi, kampuni binafsi ziliajiri Waganda kwa maelfu kulinda kambi za jeshi la Marekani huko. Mwanzoni mshahara ulifika dola 1,000 kwa mwezi. Baadaye ulishuka sana, na bado watu walipanga foleni, maana kwa mlinzi wa Kampala fedha hizo zilikuwa nyingi. Mgonjwa wangu alikuwa amejenga nusu ya nyumba. Nusu iliyobaki aliitegemea fomu ile.

Nilisimama nyuma yake nikamnong'oneza namba. Sikio la kulia lilisikia zote. La kushoto halikusikia hata moja. Ndipo akanieleza kwamba kombora liliangukia karibu na mnara wake, na tangu siku hiyo ana mlio sikioni usiokoma, usiku na mchana. Wakubwa zake hakuwaambia, akiogopa kufukuzwa.

"Andika kwamba ni mzima," akasema. "Watoto wangu wako shule."

Je, huruma inahalalisha uongo? Hoja yake haikuwa dhaifu. Hatari ni yake na ameikubali, watoto ni wake, na mimi sipotezi kitu. Lakini mlinzi hajilindi peke yake. Wapo wanaolala wakitegemea masikio yake, na hao hakuna aliyewauliza kama wamekubali. Tena sahihi ya daktari ni ushahidi, na Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia ushahidi wa haki, mhusika awe tajiri au fukara. Kumhurumia fukara hakunipi ruhusa ya kushuhudia uongo.

Nikakataa. Akaikunja fomu yake taratibu, akanishukuru, akaenda zake. Jioni ile nilirudi nyumbani nikijiona mchamungu. Wiki chache baadaye nilikutana na nduguye sokoni, akaniambia kwamba jamaa amekwisharudi Iraki. Sahihi aliipata kwingine.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba wajibu wangu niliutimiza. Kisha nikaja kujua jambo lililoninyima raha. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inayoyataka makampuni yenye mikataba katika kambi za jeshi lake ng'ambo yawakatie bima wafanyakazi wao, hata wasio Wamarekani. Anayeumia kazini anaweza kudai matibabu na fidia, ila kwa kawaida dai lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Sikio lile lilikuwa na haki yake. Hatua ya kwanza ingekuwa karatasi ya daktari inayoeleza ukweli kuhusu sikio hilo.

Ukweli huo nilikuwa nao mkononi. Niliutumia kumnyima alichoomba, nisiuandike ili apate alichostahili. Nilidhani nachagua kati ya ukweli na huruma, na nikajisifu kwa kuchagua ukweli. Kumbe siku ile ukweli wenyewe ndio ungeweza kuwa huruma, lau ningejisumbua kuuliza kidogo: mtu aliyeumia namna hii ana haki gani, na nani wa kumsaidia kuidai?

Ndugu zangu, kesho mtakuwa wanasheria, wahasibu, wahandisi na madaktari. Fomu kama ile itawajia, na anayeileta atakuwa na watoto. Msiisaini. Lakini msidhani kwamba kukataa kunamaliza kazi. Mwambie akae. Muulize yaliyompata. Kama hujui sheria, mtafute anayejua, kisha andika ukweli wote na umkabidhi mwenyewe, kwa sababu elimu yako ni amana na yeye ana fungu lake ndani yake.

Mwenyezi Mungu amjaalie afya popote alipo, naye anisamehe kwa kumwacha aondoke mikono mitupu.