Kisu cha Mkusanya Vitabu

Je, mtu apendaye kitabu ana haki gani juu yake? Twauliza kwa sababu ya Matthias Flacius, mzaliwa wa Istria mwaka 1520, aliyesoma Wittenberg kwa Martin Luther.

Wapinzani wa Luther walidai kwamba imani yake ilikuwa jambo la jana tu. Flacius akaona kuwa matusi hayatoshi; yatakiwa ushahidi. Basi alitafuta, yeye na mawakala wake, maandishi ya kale katika maktaba za watawa. Mwaka 1556 alichapisha orodha ya mashahidi wa kale wa ukweli, na tangu 1559 hadi 1574 yakatoka Basel majuzuu 13 ya historia ya kanisa, kazi yake na wenzake, yaliyopangwa karne kwa karne.

Lakini alisemwa kwamba huingia maktabani na kisu, akakata kurasa azitakazo. Wako wataalamu walioikanusha tuhuma hiyo. Hata hivyo, jina la "kisu cha Flacius" halikufutika. Na liwe ni uzushi, swali latubakia sisi.

Mkataji angejitetea hivi: ukurasa ule ulikuwa chakula cha mende, mimi nimeupa uhai. Utetezi huu tusiupuuze. Nyumba nyingi za watawa zilivunjwa siku zile, ilhali vitabu vya Flacius vilinunuliwa mwaka 1597 na Mtawala Heinrich Julius, na hata leo vimo Wolfenbüttel. Walakini hatuukubali. Ukurasa uliokatwa hauna jirani wa kuulizwa: ulitanguliwa na neno gani, ukafuatwa na lipi? Tena anayedhulumiwa zaidi ni mpinzani, maana hunyimwa njia ya kuhakiki. Kardinali Cesare Baronio alipomjibu Flacius, kwa majuzuu 12 yaliyotoka kati ya 1588 na 1607, alitegemea hati za Vatican zilizokuwa kamili mbele ya macho yake.

Kwa hiyo twamsifu mkusanyaji anunuaye chapa hizo kuukuu za pande zote mbili, akaziweka rafu moja, ingawa moyoni ana upande wake. Yule afungaye kabati na kutia ufunguo mfukoni, hatujui tumweke wapi. Hakukata kitu, wala hakuna asomaye.

Wanafunzi wasidhani mambo haya ni ya Wajerumani wa kale. Kitabu cha maktaba ya shule hurudi bila ukurasa wa ramani wiki moja kabla ya mtihani, na mwalimu akiuliza ni nani, darasa zima hutazama chini.