Ziara ya Mwitongo

Neno ziara lina sura mbili katika Kiswahili. Mtu wa pwani huzuru kaburi la mja mwema kwa adabu na Fatiha. Mtalii naye hufanya ziara kwa tikiti na kamera. Huko Butiama, si mbali na Musoma, sura hizo hukutana mahali pamoja, Mwitongo, na mgeni hana budi kuamua aingie na ipi.

Hapo pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki Mwalimu Julius Nyerere. Pana pia kaburi lake, jirani na ya wazazi wake. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza kuchunguza iwapo astahili kutangazwa mwenye heri. Tangu hapo vitu vyake vilivyohifadhiwa humo vina uzito mwingine: kwa huyu ni ushahidi wa historia, kwa yule ni tabaruku.

Ushahidi huhojiwa, tabaruku haihojiwi. Wapo wakulima waliohamishwa kwa nguvu kupelekwa vijijini baina ya 1973 na 1976. Na Visiwani wapo wenye hesabu isiyofungwa juu ya Muungano wa 1964. Je, mbele ya kaburi wanyamaze? Wengi hujibu kwamba kumhoji maiti ni utovu wa adabu. Jibu hilo ni jepesi mno, na lamdhulumu marehemu mwenyewe, aliyependa mjadala.

Mwaka 1996 Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho, watawa ambao nyumba zao zilianzishwa 1906 na 1898, walichapisha tenzi ambamo Mwalimu alizitunga upya Injili. Mkristo wa Uzanaki alichukua bahari iliyolelewa na Waislamu wa pwani katika kumsifu Mtume (wala pwani haikupungukiwa kitu). Basi mpenzi wa ushairi azisomapo humrehemu mtunzi, kisha huhesabu mizani. Akikuta kina kilichoteleza, hukitaja. Hapana aliyewahi kuona kwamba kuhesabu huko ni kumkosea heshima.

Lingefaa jembe la mkulima mmoja aliyehamishwa likae humo makumbushoni, karibu na zawadi za wakuu wa nchi. Mwenye kwenda kaburini na shada lake la maua alipitie, alitazame apendavyo, kisha aendelee na dua yake.