Ufunguo wa Nahodha



Mwezi uliopita kijana wetu alitoa stoo boksi la zamani, na ndani yake tukakuta PlayStation 2 na mchezo wa God of War uliotoka Machi 2005. Tuliucheza tulipofika hapa Maryland, hatuna mbele wala nyuma, sebuleni kwa Mtanzania mwenzetu aliyetupokea uwanja wa ndege, akatupa kochi la kulalia na ufunguo wa nyumba yake. Usiku huo tuliuwasha tena.

Kwa wasioujua, shujaa wake ni Kratos, askari wa Sparta. Alipokaribia kuuawa vitani alimwita Ares, mungu wa vita wa Wagiriki wa kale, akaahidi kumtumikia. Siku moja Ares alimpeleka kuteketeza kijiji, na katika ghadhabu yake Kratos akawaua mkewe na bintiye asijue ni wao. Majivu yao yakamganda mwilini, akawa mweupe kama mzuka.

Enzi hizo hadithi tuliiruka, tukitaka mapigano tu. Mwanzoni Kratos anapigana na Hydra, nyoka wa baharini mwenye vichwa vingi. Kooni mwake ananing'inia nahodha wa meli, ufunguo shingoni. Anashukuru, akidhani ameokolewa. Kratos anachukua ufunguo na kumwachia aporomoke. Tulicheka sana, na mwenyeji wetu akacheka nasi.

Safari hii hatukucheka. Miaka michache baada ya usiku ule mwenyeji wetu alipoteza kazi, kisha nyumba. Alitupigia simu mara tatu. Sisi tulikwisha kupata kazi na chumba. Hatukupokea, kwa kuogopa kwamba angekuja kukaa. Wahenga walisema, asante ya punda ni mateke.

Mtu atasema mchezo ni mchezo. Ni kweli, na mle ndani hakuna kitufe cha kumwokoa nahodha; njia ni moja tu. Lakini simu yetu ilikuwa na kitufe cha kupokea.

Mwisho wa mchezo Kratos anamuua Ares, na miungu inamwambia kuwa dhambi zake zimesamehewa. Jinamizi linalomtesa usiku, hata hivyo, haliondolewi. Tulipokuwa vijana tuliona amedhulumiwa: kazi kafanya, ujira kanyimwa.

Leo hatuoni hivyo. Mwaka 2019 tulimwendea mwenyeji wetu kuomba radhi. Alitumiminia chai, akasema, "Yamekwisha hayo, mdogo wangu." Tulitoka kwake tumesamehewa, na mzigo tungali nao. Msamaha ni wa aliyekosewa, naye huutoa akipenda. Kumbukumbu ni ya mkosaji, na hakuna wa kumpokea. Pengine ni heri, kwani aliyesahau nahodha wa kwanza atamwachia na wa pili.

Katika mchezo wa 2018 Kratos ni mtu mzima, analea mwana katika nchi za baridi. Muda mrefu anamficha aliyoyatenda, lakini mwishowe anamwambia. Nasi tulizima runinga, tukamsimulia kijana wetu habari ya lile kochi na zile simu tatu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa hivi anakaa wapi?"

Jumamosi tunakwenda naye.