CHOMBO KIKIELEMEWA
Wasiya kwa mwenye kuajiri alazimikapo kupunguza watu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kugawanya riziki kwa waja wake kama apendavyo, na sala na salamu zimfikilie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa miongoni mwa amana zilizo nzito ni riziki ya mtu kupitia mkononi mwa mwenziwe. Mwenye kuajiri si mwenye kuruzuku. Mwenye kuruzuku ni Mungu. Lakini yeye amefanywa mfereji wa riziki hiyo, na mfereji ukizibwa, walio chini yake huona kiu. Basi siku biashara inapopungua, na bwana wa kazi akaona hawezi kuwalipa watu wote alio nao, huingia katika hukumu ngumu. Kadhi huletewa mdai na mdaiwa na mashahidi. Ama bwana wa kazi, yeye huhukumu peke yake, usiku, chumbani mwake, na wanaohukumiwa hawana khabari.

Mfano wake ni duka la seremala katika mji wa pwani, lenye mafundi sita. Wateja wamekwenda kununua vitanda na makabati yaletwayo tayari kwa meli, na fedha iingiayo yatosha watu wanne. Wa kwanza ni mzee aliyeingia dukani tangu zama za baba yake bwana, na macho yake sasa hayaoni vyema mstari wa msumeno. Wa pili ni kijana hodari, hana mke wala mtoto. Wa tatu ni mpwa wa bwana, achelewaye kila siku. Wa nne ni mtu wa bara, hana ukoo mjini. Wa tano ni fundi mwema, ila ulimi wake ni mkali, na mwaka uliopita alimjibu bwana mbele ya watu. Wa sita ni mwanagenzi, mwana wa mjane. Watoke wawili, ni wepi?

Ada ya watu wengi ni kukata pale palipo pepesi. Mtu wa bara hutolewa kwa kuwa hana wa kumsemea. Mwenye ulimi mkali hutolewa kwa kuwa siku ya kumlipa imefika. Mpwa hubaki, kwa kuwa dada atalia. Kisha bwana husali rakaa mbili za istikhara, na asubuhi husema Mungu amemchagulia. La! Istikhara ni kutaka kheri katika mambo ya halali. Si pazia la kufunikia dhulma iliyokwisha kukatwa.

Watu wa pwani wanajua mambo ya bahari, na wanavyuoni wameacha fundisho katika mambo ya bahari. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaji ya kuwa chombo kikikaribia kuzama, yajuzu kutosa shehena yake, na kuitosa huwa ni wajibu ikiwa yatarajiwa abiria kuokoka kwa sababu hiyo. Na Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505 (1111), ametaja katika Mustasfa watu waliomo chomboni, ambao lau mmoja wao angetoswa wangeokoka waliobaki. Akasema hilo halijuzu, hata kwa kupiga kura. Tazameni utaratibu huu: mali ni ngao ya watu, wala watu si ngao ya mali. Ni kweli kutolewa kazini si kufa, na hukumu zake si moja. Lakini adabu ya nahodha ni ile ile: kabla ya kumnyoshea mtu kidole, na ajiulize, "Shehena yangu i wapi?"

Shehena ya bwana wa duka ni faida aliyozoea kuichukua kila mwezi bila kuipunguza. Ni gari lake la pili. Ni arusi ya mwanawe iliyokusudiwa kulisha mtaa siku tatu. Ni deni lililo kwa rafiki zake matajiri, ambalo yeye huona haya kulidai, ilhali haoni haya kumnyima fundi chakula. Hivi vyote na vitoswe kwanza. Atakayetoa mtu kabla ya kutosa shehena, huyo hakuokoa chombo. Ameokoa starehe yake.

Mwaka 18 wa Hijra (639), ulipoingia ukame mkubwa katika Hijazi, mwaka ujulikanao kwa jina la Mwaka wa Ramada, Seyyidna Umar bin Khattab alijizuilia samli na nyama mpaka watu wapate, akala mafuta hata rangi yake ikageuka. Alikuwa mkubwa wao, na njaa ikaanza kwake. Na Mtume (s.a.w.) amewasifu watu wa kabila la Ash'ari, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Musa: chakula kilipowapungukia walikuwa wakikusanya walicho nacho katika nguo moja, kisha wakigawana sawasawa, na Mtume akawahisabu kuwa ni watu wake.

Basi katika hili mna dalili ya njia ya pili. Bwana na awakusanye mafundi wake sita, awafunulie daftari la hisabu, awaulize. Huenda wote wakaridhika kufanya kazi siku chache kuliko mmoja wao kukosa zote. Lakini ridhaa ya mtu aliyetishwa si ridhaa, na ujira uliokwisha kupatanwa haupunguzwi kwa amri ya upande mmoja.

Tena liko fungu la haki lisilokuwa na hiari. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mkataba wa kuajiriana kwa muda maalumu humfunga kila mmoja wao, wala hauvunjiki kwa udhuru wa upande mmoja. Aliyemwajiri mtu kwa mwaka, na biashara ikalala katika mwezi wa saba, hana ruhusa kusema, "Hali imebadilika." Khasara ya soko ni yake, kama faida yake ilivyokuwa yake. Hawezi kumtoa mtu yule ila kwa maridhiano ya kweli, au kwa kumtimizia haki yake. Muda ukiisha, hapo ndipo apatapo hiari ya kutoufanya upya. Na ikiwa kazi ile si mali yake peke yake, bali ni ya shirika, au ni ya wakfu, au ni madrasa iliyo mikononi mwa nadhiri, basi hata hiari hiyo si yake kuitumia kwa mapenzi yake. Yeye ni mchungaji wa mali ya wengine.

Ikiwa shehena imetoswa, na hisabu imefunuliwa, na ikawa hapana budi watu wawili watoke, mizani ya kupimia imetajwa katika Surat Al-Qasas, katika khabari ya Nabii Musa na binti wa mzee wa Madyan, aliyemwambia baba yake ya kuwa mtu mwema wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwenye uaminifu. Mambo mawili hayo: uwezo wa kazi, na amana. Nasaba haimo. Wala mapenzi hayamo.

Kwa mizani hii mpwa ndiye wa kwanza kutoka, maana hana amana ya wakati wake. Kuunga udugu ni wajibu, lakini huungwa kwa mali ya mtu mwenyewe. Hauungwi kwa riziki ya mwengine. Bwana na amlishe mpwa wake kutoka mfukoni mwake, wala asimlishe kutoka sahani ya mtu wa bara. Ama mwenye ulimi mkali, Mwenyezi Mungu ameonya katika Surat Al-Maida ya kuwa chuki isiwapeleke watu kuacha uadilifu. Pengine neno lile lililomuudhi bwana ndilo lililomwokoa na khasara, ila uchungu wake haujamtoka. Ama mzee, nguvu yake haikupotea njiani. Imo katika milango na madirisha ya mji, na katika jina jema la duka lile. Macho yamepungua, lakini mkono wake bado waujua mti, na mwanagenzi bado hana mwalimu mwengine. Na huyo mwanagenzi, ujira wake ni mdogo. Kumtoa hakupunguzi mzigo ila kidogo, na hukata njia ya mjane.

Wamebaki kijana na mtu wa bara. Husemwa, kijana hana mke, atoke. Lakini huenda ana mama kitandani. Bwana na aulize, asikisie. Wakiwa sawa katika uwezo na amana, mwenye haja kubwa hutangulia kwa njia ya ihsani. Wakiwa sawa na katika haja, ipigwe kura mbele yao. Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, nao wote ni wenye haki. Kura haijuzu kumtosea mtu baharini, lakini hukata mashaka baina ya walio sawa, na humzuia bwana asiseme kuwa ni bahati, ilhali ni matamanio yake.

Na sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, imeagiza wenye kupunguza watu wautazame urefu wa utumishi wa kila mmoja, na ustadi wake, na uwezo wake, na kutegemeka kwake. Na imeagiza khabari itolewe kabla ya muda usiopungua mwezi mmoja, na mtoka alipwe si chini ya ujira wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Muislamu hafai kuwa nyuma ya sharti hili. Afaa kuwa mbele yake.

Kisha kuna adabu ya kumwambia mtu. Bwana amwite faraghani, amkalishe kitako, wala asimpeleke karani kwa niaba yake. Na amwambie, "Fundi, kazi imepungua, si wewe uliyepunguka." Ujira wake wote na awe nao mkononi siku ile ile, maana Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanya kazi alipwe kabla ya jasho lake kukauka, na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, mtu aliyemtumia mfanya kazi kisha asimpe ujira wake ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama.

Jihadharini na kumtafutia mtu kosa ili atolewe bila ya haki yake. Afanyaye hivyo amemtoa mwenziwe mara mbili: mara moja katika kazi, na mara ya pili katika heshima, maana mwenye duka la pili atauliza alitolewa kwa nini, na uwongo ule utamfunga mlango. Bora bwana aandike kwa mkono wake ya kuwa fundi huyu ni mwema, ampeleke kwa rafiki zake. Na kazi ikirejea, amwite yeye kabla ya mgeni.

Na waliobaki nao wana wajibu wao: wasitie maneno masikioni mwa bwana ili mwenziwao atoke, kwani riziki iliyopatikana kwa fitina haina baraka. Na waliotoka wajue ya kuwa mfereji mmoja umezibwa, chemchemi haikuzibwa.

Ataambiwa bwana wa kazi Siku ya Kiyama alete daftari lake, na ndani yake mna majina sita. Basi na alisome leo usiku, kabla ya kusomewa kesho.

Mwenyezi Mungu awajaalie wenye kuajiri kuwa manahodha waadilifu, awafungulie waliotoka mlango ulio bora, na awatie wote katika rehema yake. Amin. Wallahu aalam.