Tairi la Mbele ni la Nani?

Bajaji nyingi hapa Bagamoyo hutumia tairi za saizi moja, mbele na nyuma: 4.00-8. Kwa hiyo tairi la mbele likiisha, dereva ana njia mbili: kununua jipya, au kuhamishia mbele la nyuma ambalo bado lina kashata kidogo. Dereva mmoja wa kijiwe cha karibu na kwangu aliniambia kwamba mara nyingi hufuata ya pili, maana jioni hesabu ya tajiri lazima itimie, tairi liwe jipya au kipara.

Sasa tairi hilo moja la usukani likipasuka pale Mapinga, kosa ni la nani? Wepesi wetu ni kumtaja dereva. Lakini aliyepanga hesabu alishachagua tairi, ingawa safarini hayumo. Nasi abiria, tunaobishania shilingi mia mbili, tumo katika uchaguzi huo. Naamini wajibu humfuata pia anayefaidika, si aliyeshika usukani peke yake. Mkataba wa haki ungetaja tairi kwanza, ndipo hesabu.