Siku za Nyumba ya Wageni

Mfano wa Msamaria Mwema twaupenda sana. Lakini mara nyingi twaukomesha pale alipompandisha yule majeruhi juu ya mnyama wake, kana kwamba kazi imekwisha. Haikwisha. Alimpeleka nyumba ya wageni, akamwuguza, na kesho yake akaacha dinari mbili na ahadi ya kulipa zaidi. Majeraha mengine hayaponi kando ya njia.

Shirika lililo na hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, lina jina la Msamaria huyo. Majengo yale twayajua sote. Lakini ubingwa haujengwi kwa mawe. Tazameni maradhi ya ngozi. Madaktari wa ngozi walikuwa wachache mno, wala chuo kilichofunguliwa hapo mwaka 1992 hakikungoja waongezeke. Kiliwachukua matabibu na wauguzi waliokwisha kuizoea kazi, kikawafundisha miaka miwili, kikawarudisha makwao waliko wagonjwa. Vivyo hivyo tangu 1981 chuo kingine papo hapo hufundisha mafundi wa miguu ya bandia. Maana mguu huo huchakaa, na mtoto hukua, na fundi aliye mbali hamfai.

Twayasema haya hasa kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino. Ngozi yao haina rangi ya kuikinga, jua huiunguza tangu utotoni, na saratani huwaingia mapema. Mafuta ya kuwakinga yametengenezwa hapa hapa Moshi. Kofia pana na nguo za mikono mirefu zapatikana sokoni. Kidonda kikiwa kidogo, daktari hukikata, na mtu akarudi kwake. Kikiachwa, hula hata mfupa. Kabla ya kituo cha saratani kufunguliwa KCMC mwaka 2016, wangapi walilazimika kusafiri mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, nao wamekwisha kuchelewa!

Basi ninyi wainjilisti wa Machame, Marangu, Mwika na Rombo, mwazijua nyumba zilizo na mtoto wa namna hiyo, hata zile zimfichazo. Msingoje tabibu apande mlima. Ingieni, mtazame kama kuna kidonda kisichopona kwa majuma manne. Kisha wazee wa usharika wakae na kuulizana: nauli itatoka wapi, nani atamsindikiza mgonjwa, na nani atamkatia mama yake majani ya ng'ombe mpaka arudi.