Nani Apige Hodi Barabarani?

Mwezi Novemba 2004, katika mji wa Odense nchini Denmark, baiskeli 1,845 zilianza kumetameta mchana kweupe. Taa zenyewe zilikuwa ndogo, zimefungwa karibu na kitovu cha gurudumu, mbele na nyuma. Hazikuwa na betri wala swichi. Sumaku zilizobanwa kwenye spoki zilipita karibu na koili ya waya kila gurudumu lilipozunguka, na kila zilipopita, umeme kidogo ulizaliwa na taa ikapepesa. Mtu aliyewahi kupanda mlima na dinamo ya zamani, ile inayosugua tairi hadi baiskeli ikawa nzito kama imebebeshwa gunia, angeshangazwa na wepesi wake. Ukikanyaga pedeli taa inawaka, jua liwe linachoma au theluji iwe inaanguka. Anayeendesha hana la kuamua.

Swali la watafiti lilikuwa jepesi kulisema: je, taa inayowaka wakati kila kitu kinaonekana inamwepusha mtu na ajali? Washiriki walikuwa 3,845. Kundi moja lilipewa taa. Wengine 2,000 wakaendelea kama kawaida. Mwaka mzima, kila baada ya miezi miwili, kila mmoja alieleza kupitia intaneti kama ameanguka au amegongwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: wenye taa walikuwa wamepata ajali za kuumia pungufu kwa asilimia 19, na ajali za kugongana na watu wengine ndizo zilizopungua kwa namna isiyoweza kuitwa bahati.

Ni vyema kwenda taratibu na takwimu hizo. Aliyejaza fomu alijua kama ana taa au hana, na anayejua hivyo huweza, bila kukusudia, kusahau mkwaruzo mmoja. Watafiti wa huko huko Denmark walilikuta jambo hilo waziwazi walipojaribu jaketi za njano kwa watu 6,793, utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Waliopewa jaketi walitaja ajali za kugongana pungufu kwa asilimia 47. Lakini walitaja pia kuanguka peke yao mara chache zaidi, na jaketi haiwezi kumzuia mtu kuteleza kwenye barafu. Watafiti wakaipunguza hesabu yao wenyewe hadi asilimia 38. Uaminifu wa namna hiyo ndio unaofanya takwimu zilizobaki zistahili kusikilizwa. Taa na rangi kali, kwa kiasi fulani, zinaokoa.

Lakini zinaokoaje, na jua lipo?

Dereva aliyegonga baiskeli mchana mara nyingi hushuka akitetemeka na neno moja mdomoni: "Sikumwona." Kwa kawaida hadanganyi. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo mno, haizidi sana ukucha wa dole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Mengine yote ni ukungu ambao ubongo unaupamba. Tena jicho halitelezi juu ya mandhari. Linaruka kutoka kituo hadi kituo, na wakati wa kuruka, ubongo huizima picha. Anayegeuza kichwa kushoto na kulia haraka haraka kwenye njia panda hakuiona barabara. Ameokota vipande vyake vichache, vilivyobaki amebuni.

Kuna siri nyingine ambayo manahodha wanaijua kuliko madereva: chombo kinachokuja kugongana nawe hakisogei machoni. Kinabaki pembe ileile, kinakua tu. Baiskeli na gari vinavyoelekea njia panda moja huweza kukaa hivyo sekunde kadhaa, baiskeli ikiwa imejificha nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele, imetulia kama nguzo ya simu. Pembe za jicho haziwezi kusoma herufi, lakini ni hodari wa kunasa mtikisiko na kumeta. Ndiyo maana taa ya mchana haina kazi ya kumulika. Kazi yake ni kuuvunja ule utulivu wa uongo.

Hata hivyo, jicho linaweza kupokea na moyo usipokee. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu filamu fupi ya wachezaji wakirushiana mpira na kuwaomba wahesabu pasi. Katikati akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akasimama, akajipiga kifua, akaondoka. Takriban nusu ya watazamaji hawakumwona. Na mwaka 1996, mjini Helsinki, Heikki Summala na wenzake waliwachunguza madereva waliokuwa wakikata kulia: walitazama kushoto, kunakotoka magari, na wengi hawakugeuza kichwa kulia, kunakotoka baiskeli. Hawakuwa wamepofuka. Walitafuta kile walichokiogopa, na baiskeli haikuwemo katika hofu zao. Kwa dereva kama huyo taa inawaka bure, kwani mwanga haufiki kwenye jicho lisilogeuzwa.

Hapa suala linatoka mikononi mwa wahandisi. Kiswahili kinatenganisha kutazama na kuona, tena kinaipa kuona uzito wa pekee: mtu huenda "kumwona" mgonjwa, na wanaoagana huahidi kuonana. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Taa ya mchana ni kumwambia mwenye macho atazame, mara mia kwa dakika. Ikiwa imebidi kufika huko, nani amepungukiwa: asiyeonekana, au asiyeona?

Denmark hiyohiyo ilimzaa Søren Kierkegaard, mwanafalsafa Mkristo aliyependa kutembea katika mitaa ya Copenhagen na kuzungumza na yeyote. Katika kitabu chake cha mwaka 1847 kuhusu matendo ya upendo, sura moja nzima inahusu wajibu wa kuwapenda watu tunaowaona. Hoja yake ni kwamba mtu hakuagizwa kumtafuta anayestahili kupendwa. Ameagizwa kumpenda huyu aliye mbele ya macho yake, jinsi alivyo. Sharti halimwangukii jirani ajipambe ili aonekane. Linamwangukia atazamaye. Kierkegaard hakuwa akifikiria magurudumu, lakini ni vigumu kupata mahali ambapo agizo hilo linapimwa kwa ukali zaidi kuliko kwenye njia panda, ambako kushindwa kumwona jirani hakumuumizi moyo peke yake.

Wapo watakaojibu kwamba huo ni upendo wa vitabuni, na kwamba mwenye busara hujilinda. Wana haki. Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia jinsi Mtume alivyoulizwa kama mtu amwache ngamia huru na kumtegemea Mungu, naye akaelekeza afungwe kwanza, ndipo tegemeo lifuate. Taa ni kamba ya ngamia. Anayeweza kuipata na akaiacha kwa kiburi, akidai kwamba wajibu wote ni wa wenye magari, ameichezea amana ya uhai wake. Mwandishi yeyote anayetetea haki za waendesha baiskeli huku akiwakataza wasijilinde anawafanyia ubaya.

Ila kumfunga ngamia hakumpi mwizi ruhusa ya kumchukua ambaye hakufungwa.

Huko pwani mtu haingii nyumba ya mwenzake bila hodi, na baada ya hodi ya tatu isiyojibiwa anarudi zake. Taa ya mchana inafanana sana na hodi: nipo, naja, nipokee. Tofauti ni kwamba hodi hupigwa kwenye mlango wa mtu mwingine. Anayeidai kutoka kwa mwendesha baiskeli, hata bila kujua, ameshakata shauri kwamba barabara ni nyumba ya magari na wengine wote ni wageni. Ilikuwa hivyo lini? Nchini Uingereza vyama vya waendesha baiskeli ndivyo vilivyoanzisha, mwaka 1886, jumuiya ya kudai barabara bora, kabla gari halijawa jambo la maana nchini humo.

Waingereza hao walibishana kuhusu taa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1920 na 1930, chama kikubwa cha waendesha baiskeli, kilichoanzishwa mwaka 1878, kilipinga sheria ya kulazimisha taa ya nyuma. Kwa macho ya leo inaonekana kama ukaidi, na pengine ulikuwepo, maana usiku ni usiku. Lakini kiini cha hoja kilikuwa kizito: anayekuja nyuma kwa kasi ndiye mwenye wajibu wa kwenda mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Waliogopa kwamba siku aliye mbele atakapolazimishwa kujitangaza, aliye nyuma atapunguziwa deni. Vita Kuu ya Pili ilipoleta giza la kuogopa ndege za mabomu, taa ya nyuma ikawa lazima, na mjadala ukazimika. Hofu yao haikuzimika. Inarudi kila habari ya ajali inapotaja kwanza kwamba marehemu hakuwa na taa, kofia ngumu wala reflekta, kabla ya kutaja mwendo wa gari.

Ipo sheria iliyochagua upande mwingine. Uholanzi, katika kifungu cha 185 cha sheria yake ya barabara ya mwaka 1994, inamwanzia mwenye gari: likimgonga mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli, yeye, yaani bima yake, ndiye anayebeba dhima mpaka athibitishe jambo lisiloepukika. Mahakama zao zimeongeza kwamba mtoto aliye chini ya miaka 14 hulipwa hasara yote, isipokuwa kama alifanya kusudi au kwa uzembe unaokaribia kusudi, na mtu mzima hulipwa walau nusu hata kama naye alikosea. Mantiki yake haisemi kwamba baiskeli haikosei. Inasema kwamba anayeingiza barabarani tani moja na nusu ya chuma ameingiza hatari, na hatari ina mwenyewe.

Jambo hilo wasomaji wengi wa Kiswahili wamelisoma madrasa, kwa sura nyingine. Katika adabu za salamu, Mtume alifundisha kwamba aliyepanda mnyama ndiye amsalimie anayetembea, na anayetembea amsalimie aliyeketi. Aliye juu anaanza. Mwenye mwendo na nguvu ndiye wa kwanza kukiri kwamba amemwona mwenzake. Huu ni mpangilio wa ajabu kwa uzuri wake, na barabara za leo zimeupindua: anayeweza kufa ndiye anayetakiwa kuanza, kwa taa na jaketi, na anayeweza kuua akiitikia amefanya hisani.

Kuonekana peke yake hakuleti heshima pia. Ian Walker, alipokuwa Chuo Kikuu cha Bath, aliwahi kupima umbali ambao magari yalimwachia mwendesha baiskeli aliyekuwa akibadilisha mavazi saba, kuanzia ya mwanamichezo hadi ya anayejifunza kuendesha. Madereva hawakujali. Vazi moja tu liliwasogeza pembeni, tena kwa sentimita chache: lile lenye neno la polisi na onyo kwamba kamera inarekodi. Walikuwa wakimwona siku zote. Waliogopa siku moja.

Na mwanga una ubaguzi wake. Sweden ililazimisha magari kuwasha taa mchana tangu mwaka 1977. Umoja wa Ulaya ulianza kuzitaka kwenye aina mpya za magari mwezi Februari 2011. Wenye pikipiki walilalamika kwamba taa yao, iliyokuwa ya pekee, inazama katika bahari ya taa. Kila anayewaka anamtia kivuli asiyewaka, na asiyewaka kwa kawaida ndiye maskini. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka 2021, na zaidi ya nusu ni vya watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki.

Kwenye barabara ya kutoka Kisarawe kupitia Pugu kuingia Dar es Salaam, baiskeli za mkaa zimepita miaka mingi. Magunia hufungwa kwa mipira ya tairi iliyochanwa, moja limelala kwenye keria, mengine yamening'inia ubavuni, mpaka reflekta ya madigadi ya nyuma inamezwa kabisa. Kwenye mlima mwenye mzigo hashiki tena usukani kwa raha; anashuka, anainama, anasukuma kwa bega, uso chini, mgongo wake ukielekea magari. Hana sehemu ya kufunga taa na hana mkono wa kuipungia nyuma. Nyuma yake lori linapanda. Dereva anaona magunia meusi, kisha, chini yake, visigino viwili. Anatoa mguu kwenye mafuta, anarudi gia ya pili, na anakaa hapo, na foleni nyuma yake ikipiga honi, mpaka kona iishe.